Masega

Fundi alilala chini ya gari langu, akagonga kopo lililo kwenye bomba la moshi kwa mpini wa bisibisi, akanyamaza. Akagonga tena, mara mbili. Alipotoka akajikung'uta mgongo na kuniuliza, "Dada, hii gari uliagiza mwenyewe au ulinunua kwa mtu?"

"Kwa mtu."

"Basi alishayauza masega. Hili ni kopo tupu."

Kilichonipeleka pale ni taa ya injini kwenye dashibodi, iliyowaka wiki ya pili tangu ninunue gari, ikakataa kuzima. Nilidhani ni sensa. Siku hizi kila ugonjwa wa gari ni sensa mpaka ithibitike vingine. Na aibu yangu ni kwamba mimi si mgeni wa mambo haya: nimekulia gereji, nilimpelekea baba spana namba kumi na tatu kabla sijajua kuandika kumi na tatu. Nikanunua gari kwa kutazama rangi na viti.

Kwa asiyeyajua, masega ni kitu kinachokaa ndani ya kopo la chuma katikati ya bomba la moshi. Ukilipasua unakuta kigae chenye vitundu vidogo mamia kwa mamia, vimepangana kama sega la nyuki, na kuta za vitundu hivyo zimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayopimwa kwa gramu kama dhahabu. Moshi wa injini ukipita humo ukiwa wa moto, monoksidi ya kaboni, ile inayoua watu wakilala na jiko la mkaa chumbani, hugeuka kaboni dioksidi. Petroli iliyotoka bila kuungua humalizikia kuungua humo. Oksidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida tu, kama hii tunayoivuta. Kopo halina kifaa kinachozunguka wala waya wa umeme, na hata hivyo linafanya kazi ambayo sheria nyingi zimeishindwa.

Hapa Dar es Salaam masega yana soko lake. Wanunuzi wanapita gereji kwa gereji. Mwenye gari akilalamika kwamba gari halina nguvu anaambiwa masega yameziba, yatolewe, bomba lipitishwe moja kwa moja. Na mara nyingine kweli yameziba. Anaondoka na fedha mkononi na gari linalovuta vizuri. Ni biashara ambayo wote wawili wanaondoka wakicheka, na anayelipa ni yule aliyesimama kituoni nyuma ya bomba.

Baba alikuwa fundi Tandika, chini ya mwarobaini wenye tawi lililokomaa kwa mnyororo wa kunyanyulia injini. Peugeot 504, Datsun, Land Rover 109 za mashirika ya umma, baadaye vipanya. Hakuwa na mashine ya kupimia chochote. Gari likija linakohoa, alifungua plagi akaitazama ncha yake, kisha akaingiza kidole kwenye mdomo wa bomba la moshi, akakitoa, akakisoma. Kikitoka na vumbi la kijivu linalokaribia weupe, kabureta iko sawa. Kikitoka cheusi, mafuta yanaingia mengi mno. Mimi na kaka yangu tulifanya mchezo huo kwenye magari ya wateja, kidole ndani, kidole nje, halafu mmoja anasema kwa sauti nzito ya baba: "Iko sawa hii."

Lile vumbi la kijivu lilikuwa risasi.

Lugha yetu imeipa madini hayo na kile kinachotoka kwenye bunduki jina moja, na sioni sababu ya kuisahihisha. Petroli ya miaka ile ilitiwa kemikali yenye risasi ili injini isigonge. Aliyeigundua kazi hiyo ni Mmarekani, Thomas Midgley, Desemba 1921, katika maabara ya General Motors kule Dayton, Ohio. Walipoanza kuiuza mwaka 1923 waliipa jina la biashara Ethyl, na neno risasi likaachwa nje ya jina. Oktoba 1924 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha mafuta huko New Jersey, waliokuwa wakiitengeneza, walianza kurukwa na akili; watano walikufa. Mwisho wa mwezi huohuo Midgley akawaita waandishi wa habari, akainawa kemikali ile mbele yao, akainusa kwa dakika nzima kuonyesha kwamba haina neno. Mapema mwaka 1923 alikuwa amelazimika kupumzika kwa sababu sumu ya risasi ilimwingia mwenyewe.

Niliposoma habari za kunawa nilifunga simu nikakaa kimya. Midgley alinawa siku moja mbele ya waandishi. Baba alinawa kila jioni. Grisi haitoki kwa sabuni ya mche, kila fundi anajua; unachukua petroli kidogo kwenye kopo, unajisugua mpaka viwikoni kwa kitambaa, ndipo unakwenda kwenye maji. Na kabla ya kunawa kulikuwa na kunyonya. Spana boi mpya hakufundishwa kwanza kufungua nati, alifundishwa kuvuta petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi, kujua ni lini atoe mdomo. Aliyemeza alipewa maziwa, wenzake wakacheka, kazi ikaendelea. Baba alikuwa akisema petroli ya zamani ilikuwa na harufu tamu, na akisema hivyo utadhani anazungumzia wali wa nazi wa bibi.

Hakuna aliyewahi kuipima damu ya baba. Mikono yake ilianza kutetemeka alipovuka miaka hamsini, akaacha kazi ndogondogo za kabureta, akabaki na zile za nguvu. Hospitali walisema presha. Nayo ilikuwepo, sikatai.

Risasi ilitokaje kwenye petroli? Ningependa kusema dunia ilipojua madhara yake ilishituka ikaacha. Mambo yalikwenda kwa njia ya kuchekesha zaidi. Mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria kali ya hewa safi iliyowataka watengenezaji wa magari wapunguze moshi wenye sumu kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Njia waliyoipata ni masega. Tatizo likawa moja: risasi huyafunika madini yale ndani ya vitundu na kuyaua kabisa. Kwa hiyo kuanzia magari ya mwaka 1975, petroli isiyo na risasi ikawa lazima iwepo vituoni. Madaktari na wataalamu wa sumu walikuwa wamelalamika kwa nusu karne, tangu siku za Midgley, na hoja yao ya afya nayo ilikuja kuingia kwenye kanuni. Lakini kilichoipa petroli safi nafasi ya kwanza kwenye pampu ni kopo la gari lisiharibike.

Huku kwetu ilichelewa. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuachana na petroli yenye risasi, na ilipofika tarehe 1 Januari 2006 ukanda wote ulikuwa umeacha. Nchi ya mwisho duniani kuuza petroli hiyo kwa magari ilikuwa Algeria, mpaka Julai 2021. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri, Nairobi, linakadiria kwamba hatua hiyo inazuia vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka.

Kinachonivutia ni jinsi ilivyopita kimyakimya. Sikumbuki dereva aliyetozwa faini, wala semina elekezi. Kiwanda cha TIPER kule Kigamboni kilikwishaacha kusafisha mafuta ghafi, petroli yote ilikuwa inakuja kwa meli ikiwa tayari. Viwango vya mafuta yanayoshushwa vikabadilika, basi. Asubuhi moja dereva wa kipanya alijaza tangi kama kawaida, na watoto waliokuwa wakimsubiri kituoni wakaanza kuvuta hewa tofauti bila mtu yeyote kuwaambia.

Aliyegundua ni baba. Aliingiza kidole kwenye bomba la Corolla iliyotoka kufanyiwa tyuni na kikatoka cheusi. Akarekebisha kabureta, kikatoka cheusi. Petroli mpya haikuacha lile vumbi la kijivu, iliacha masizi tu, na bomba la injini yenye afya sasa lilikuwa jeusi. Baba akaamini mafuta yameharibiwa. Kwa wiki kadhaa alimlaumu mwenye kituo, akaonya wateja kwamba siti za valvu zitalika, jambo ambalo kwa injini za zamani lilikuwa na ukweli, maana risasi ilikuwa ikizilinda. Baadaye neno "kuchakachua" lilipoingia mitaani, alilipokea kama mtu aliyelisubiri muda mrefu. "Niliwaambia," akasema. Mafuta masafi kuliko yote aliyowahi kuyashika ndiyo aliyoyaita machafu.

Lakini hilo la kuchakachua lilikuwa la kweli, ila kwenye dizeli. Mafuta ya taa yalikuwa na bei ya chini kwa sababu ni ya wanyonge, wajanja wakayachanganya na dizeli wakauza kwa bei ya dizeli. Mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka faida ya kuchanganya ikapotea. Kwenye dizeli, dawa iliingia. Nyumbani kwetu, mama aliyekuwa akipikia jiko la mchina alilisukuma uvunguni, akarudi kwenye mkaa. Asubuhi unausikia mfuko wa nailoni ukiwashwa ili mkaa ushike, ule moshi mweusi unaouma koo, na mama anaupepea kwa kipande cha boksi huku uso ameugeuzia ukutani. Moshi haukwisha, ulitoka barabarani ukahamia uani.

Tangu nilipoanza kulitazama hivyo, naona uhamisho kila mahali. Waingereza waliopoteza watu kwa maelfu katika ukungu wa moshi wa London, Desemba 1952, walipitisha sheria ya hewa safi mwaka 1956, na London ikapumua. Lakini mitambo ya umeme ikajengewa mabomba marefu zaidi ili moshi upande juu, na juu kule upepo ukaubeba, na salfa ikaenda kunyesha kama mvua ya tindikali kwenye maziwa ya Norway na Sweden mpaka samaki wakafa.

Na kabla sijamcheka Mwingereza nakumbuka Tabata. Mwaka 1988 wakazi wa huko waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa sababu ya dampo lililokuwa likifuka moshi na kunuka katikati ya nyumba zao. Mahakama Kuu iliamuru lifungwe. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alichoka. Alikataa kuongeza muda, akaueleza moshi ule kuwa unagusa haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba, akashangaa kuona mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua hewa ya watu. Nimeisoma hukumu hiyo kwa furaha ya mtu anayemsikia mkubwa akigombezwa. Wakati huo Katiba haikuwa na neno moja kuhusu hewa safi. Jaji alilipata ndani ya uhai wenyewe. Huko nje wanasheria bado wanaitaja.

Na taka? Kunduchi Mtongani walipopelekewa, nao walikwenda mahakamani, nao wakashinda. Zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Tabata ilishinda kesi, na moshi ukapata anwani mpya.

Gari langu nalo ni moshi uliohama. Lilitengenezwa Japani, likaishi chini ya ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili, na ukaguzi huo ulipoanza kuwa ghali kuliko thamani ya gari, likapandishwa meli. Kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na Afrika ndiyo iliyopokea fungu kubwa kuliko yote. Sitaki kulia sana juu ya hilo. Bila magari hayo wengi wetu tungekuwa tunatembea kwa miguu, na baba asingesomesha watoto watano. Isitoshe, mengi hushuka bandarini na masega yake ndani. Tunayatoa wenyewe.

Sheria tunazo, na si mbaya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu aishiye Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zikafuata mwaka 2007. Kenya wamekwenda mbele, wameiweka haki hiyo kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 42. Nimesimamishwa barabarani mara nisizoweza kuhesabu. Wamekagua bima, leseni, taa, tairi, mtungi wa kuzimia moto, hata pembetatu ya kuakisi ambayo nusu ya nchi haijawahi kuikunjua. Katika miaka yangu yote ya kuendesha sijaona mtu akiinama nyuma ya gari langu kutazama kinachotoka.

Ndiyo maana naiheshimu ile ya petroli, na ndugu yake ya mwaka 2015, nchi za Afrika Mashariki zilipohamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Zote mbili zilikamata uchafu ukiwa bado ni mafuta, kwenye mlango wenye watu wachache wa kuwasimamia. Ukishatawanyika kwenye mabomba laki kadhaa na majiko milioni kadhaa, unaukimbiza na kapu la upepo. Sasa tuna mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa mpaka mwisho wa Januari 2024 kuachana na kuni na mkaa. Kwa shule na magereza nina matumaini, maana jiko ni moja na mkuu anajulikana. Kwa mama yangu, aliyepewa mtungi wa kilo sita na sisi wanawe na anautunza kwa ajili ya chai ya wageni, sheria itabidi iwe ni bei.

Risasi yenyewe haikukubali kushindwa kirahisi. Iliyofukuzwa kwenye petroli bado imo kwenye betri ya karibu kila gari. Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa upande wa Mikindani, ulipata kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu mwaka 2007, ukutani kabisa na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa ameajiriwa humo. Mtoto wake aliugua, akapimwa, akakutwa na risasi. Akaanza kupiga kelele, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Mombasa, iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya Julai 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu mwenyewe: tangu kiwanda kifunguliwe mpaka neno la mwisho la mahakama ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa siku moshi ule unaanza alikuwa amefika sekondari.

Nirudi kwa fundi, maana alikuwa ananisubiri na bisibisi mkononi. Alinipa njia tatu. Masega halisi mapya, kwa bei iliyonifanya nicheke kwa adabu. Ya bei poa, ambayo yeye mwenyewe hakuyapa mwaka. Au kipande cha chuma cha ukubwa wa kidole gumba, kinachofungwa kati ya sensa ya nyuma na bomba. Sensa inakaa mbali kidogo na moshi, inadanganyika, taa inazima. Elfu thelathini pamoja na ufundi.

"Wengi wanafanya hiyo ya tatu," akasema, si kwa kunishawishi.

Nilifanya ya tatu. Taa ikazima pale pale na dashibodi ikawa safi kama ya gari jipya.

Jumapili nikaenda Tandika. Baba alikuwa amekaa nje, redio pajani. Nilipomwamkia akaitikia macho yakiwa kwenye gari, akasimama taratibu, akalizunguka. Akaniambia niwashe, nikawasha. Akasikiliza, akaniambia nizime. Kisha akainama kwa shida, akaingiza kidole kwenye bomba, akakitoa na kukiinua juani. Cheusi tii.

"Mafuta yenu ya siku hizi," akasema.

Akaninyooshea mkono, unatetemeka, nimmiminie maji anawe.